Majivu ya Sindeni

Katika miaka yangu yote ya kuwa bwana afya nimeshambuliwa mara moja tu, na silaha yenyewe ilikuwa majivu ya jikoni. Aliyenishambulia alikuwa mwanamke mfupi wa Sindeni, wa umri wa kuitwa bibi na kila mtu, na alikwenda jela kwa ajili hiyo. Habari hii nimeisimulia mara nyingi kwenye vijiwe vya wastaafu, na kila mara naishia pale nilipopakwa majivu, watu wanacheka, tunaagiza chai nyingine. Sijawahi kuifikisha mwisho.

Mimi ni Mnyamwezi wa Korogwe. Baba aliletwa kwenye mashamba ya mkonge akiwa kijana, akakata mkonge mpaka mgongo ukagoma, na mkonge wenyewe ulipoanguka bei akabaki na nyumba ya vyumba vitatu Kilole na kikohozi kisichoisha. Kwa wazazi wake nimefika mara mbili tu, na mara zote mbili nilichekwa kwa namna ninavyoongea. Kwa hiyo Unyamwezi wangu haukuwa na mambo mengi. Ulikuwa jina la ukoo, na watani.

Wazigua ni watani wetu tangu babu zetu wapite na misafara, mizigo ya watu wengine ikiwa kichwani. Mzigua anaweza kuniita mtumwa wake mbele ya wakwe zangu, nami nikamrudishia, na hakuna anayekunja uso. Ila kazi kubwa ya mtani iko msibani. Kaburi likishachimbwa, mtani hushuka akajilaza ndani, akazuia maiti isiteremshwe. Atatukana, atacheka, atawapaka watu majivu, mpaka abembelezwe kwa kuku au kwa chochote, na mtani mwenzake amshike mkono amtoe. Waliokuwa wanalia hucheka hata wasipotaka, kisha maziko huendelea. Nimekulia kwenye kambi za wakata mkonge, nimeyaona hayo tangu nikiwa natembea pekupeku. Sina kisingizio cha ugeni.

Miaka ninayoisema ilikuwa miaka ya ruksa, serikali ilipofungulia biashara. Maduka yaliyokuwa na chumvi na viberiti peke yake yalijaa sabuni za rangi nne, na mshahara wa serikali ukawa unaisha kabla mwezi haujafika katikati. Kila mtumishi alikuwa na mradi wake. Mganga alifuga kuku wa kizungu, mwalimu aliuza barafu kwa wanafunzi wake. Mke wangu aliuza mitumba sokoni Korogwe, nami nilikuwa nikimsaidia siku za kufungua belo la nguo, kwa sababu ukichelewa kufungua, wenzako wameshawavuta wateja. Kituo changu cha kazi kilikuwa Handeni. Nyumba, mke na belo vilikuwa Kilole, na pikipiki ya ofisi iliijua njia hiyo kuliko njia za vijijini.

Tatizo ni kwamba katika miaka hiyohiyo serikali ilikuwa inapunguza watu. Kulikuwa na orodha. Hakuna aliyeiona, ila kila mtu alimjua mtu aliyeiona. Mtunza stoo wetu alikwenda likizo na hakurudi tena. Asubuhi nilikuwa nikiingia ofisini natazama kwanza kama meza yangu ipo.

Kisha likatokea la Mazingara. Bwana mifugo mwenzetu alikwenda kutangaza karantini ya ng'ombe, vijana wakamzunguka kwenye josho wakampiga, wakamvunja mkono wa kulia. Ulipopona ulikuwa umepinda, akawa anatia sahihi kwa mkono wa kushoto kama mtoto anayejifunza kuandika. Sheria ya kumshambulia mtumishi wa umma au kumzuia asifanye kazi yake ilikuwapo tangu zamani, sasa ikakazwa. Tuliitwa kwenye kikao wilayani tukasomewa: adhabu zimepanda, hakuna tena kumalizana kwa mtendaji wa kata kwa faini ya mbuzi na kupeana mikono, kila tukio liandikwe na mtuhumiwa afikishwe mahakamani. Tulipiga makofi. Mimi nilipiga kwa nguvu, maana mwenye mkono uliopinda alikuwa ameketi mbele yangu naye hakuweza kupiga. Mpaka leo sina ugomvi na sheria ile.

Kipindupindu kiliingia mvua za vuli zilipoanza. Kazi yetu ilikuwa kusimamia maziko: mwili unyunyiziwe dawa, uzikwe haraka, watu wasile msibani. Bila bwana afya hakuna kuzika. Jioni moja nikiwa Kilole nililetewa ujumbe kwamba mzee amefariki Sindeni, kijiji cha Wazigua, na kesho yake asubuhi nitakuwa nasubiriwa. Marehemu alikuwa Mnyamwezi, mkata mkonge wa zamani, aliyeoa huko na kuhamia kwenye mihogo baada ya shamba la mkonge kufungwa.

Asubuhi hiyo belo lilikuwa limefika kutoka Tanga. Nilimwambia mke wangu nitakaa saa moja tu. Belo lilikuwa la makoti ya watoto, zuri ajabu, na wanunuzi wa jumla kutoka Lushoto walikuwa wamejaa. Nilikata kamba, nikachambua, nikapanga, nikabishana bei. Nilipokumbuka kutazama saa ilikuwa imepita saa sita. Nilifika Sindeni saa tisa kasoro, nikiwa na bomba la dawa mgongoni, jua kali, na maiti tangu jana.

Watu walikuwa wamekaa mbali na nyumba, kama walivyoelekezwa. Hakuna aliyenilaumu, na hilo lilinikera kuliko lawama. Watoto wa marehemu walisimama wakanisalimu kwa heshima. Nilimaliza kazi ya ndani, nikatoka kwenda kwenye kaburi lililochimbwa pembeni mwa shamba, na humo ndani alikuwa amelala yule bibi. Alikuwa mtani wa marehemu kwa miaka zaidi ya thelathini. Waliniambia baadaye kwamba marehemu alipokuwa hai walikuwa wakitukanana kila asubuhi kisimani, na siku mmoja wao asipotukanwa alijua mwenzake anaumwa.

"Nani huyo juu?" aliuliza bila kufumbua macho.

"Bwana afya," watu walisema.

"Kabila gani?"

Mtu akamwambia. Kumbe mtoto wa yule Mnyamwezi wa Kilole! Bibi alikaa kitako kaburini kwa furaha, nikaona uso wake wote ukichangamka. Siku nzima alikuwa hana mtani wa kumtoa, maana marehemu hakuwa na Mnyamwezi mwenzake pale kijijini.

"Mpagazi wangu umefika! Ulikuwa umebeba mzigo wa nani hata mwenzio aoze akikungoja?"

Watu wakaanza kucheka. Nilimwambia, "Bibi, toka humo, hii ni kazi ya serikali."

"Toka humo ananiambia! Njoo unitoe, mtumwa wa babu yangu. Kazi ya Mnyamwezi ni kubeba." Akanyoosha mkono. Nilipoinama kumwambia kwa sauti ya chini kwamba ugonjwa huu hauna mchezo, alinivuta kola, akaninusa shingoni, akapaza sauti: "Jamani, ananuka mtumba!"

Walicheka wote. Mjane alicheka, ameshika shina la mnazi asianguke. Mtu ambaye hajawahi kufungua belo hajui kwamba harufu ile, dawa ya nondo na vumbi la ng'ambo, haitoki kwa kunawa. Bibi hakujua lolote kuhusu belo langu. Ni utani tu, alitafuta la kusema akalipata. Lakini mimi nilisikia kama nimesomewa mashtaka, na nikiwa nimeduwaa pale alichota majivu aliyokuwa nayo kwenye kitambaa akanipaka usoni, kwenye kofia, kwenye nembo ya kofia.

Nilichotakiwa kufanya kila mtu alikijua. Nilitakiwa kumshika mkono, kumwinua, kumbeba hatua mbili tatu, kumtukana kidogo, na kumalizia na ahadi ya kuku. Dakika tano. Badala yake nilisimama wima kama mlingoti, majivu yakinidondoka kwenye kope, nikasema, "Mtoeni." Kicheko kilikatika. Vijana wawili walishuka wakamtoa. Hakupinga. Alinitazama kwa mshangao, hivyo tu, akajifunga kanga upya. Yote hayo hayakuzidi dakika kumi. Tukazika saa kumi.

Kesho yake mkubwa wangu aliniuliza kwa nini mtu aliyekufa jana yake amezikwa saa kumi alasiri. Alikuwa na faili mbele yake, na mimi niliitazama faili nikaona orodha. Nikaketi nikaandika taarifa. Naikumbuka sentensi yenyewe: maziko yalichelewa kwa sababu nilizuiwa kutekeleza wajibu wangu na mwanamke mmoja aliyeingia kaburini, ambaye pia alinishambulia kwa majivu. Isome tena. Hakuna neno la uongo ndani yake isipokuwa "kwa sababu".

Nilidhani itaingia kwenye faili ilale. Sikukumbuka makofi niliyopiga. Wiki haikuisha mgambo wakamfuata bibi shambani kwake, anapalilia, wakampeleka Handeni kwenye gari la mtendaji. Niliambiwa alipanda mwenyewe, akawaambia mgambo wamshikie jembe.

Nilikwenda kwa mkubwa nikasema nadhani jambo lenyewe lilikuwa dogo. Akaniambia kesi si yangu tena, ni ya Jamhuri. Kisha akaniuliza: "Au taarifa yako ina kasoro?" Nikasema haina.

Jumapili nilikwenda Kilole, nikamkuta baba uani, redio sikioni. Habari ilikuwa imeshamfikia, maana Sindeni na Korogwe hazifichani kitu. Alizima redio.

"Nasikia umemshitaki mtani."

"Serikali ndiyo imeshitaki, baba."

"Mtani akikupaka majivu unanawa. Kwani kwako maji hakuna?"

Nilimweleza habari za Mazingara, mkono uliopinda, sheria iliyokazwa. Alisikiliza yote. Akaniuliza yule bibi amemvunja nani mkono. Kisha akasema jambo ambalo nililichukulia kama maneno ya mzee: "Mimi huku sina ndugu. Nikifa, ndugu zangu ni hao. Maiti ya ugenini isipozuiwa na mtani, huzikwa kama kitu kilichookotwa. Nenda kamtoe yule mama." Nikasema nitakwenda. Nilikuwa na hakika kwamba mahakamani mambo yangejirekebisha yenyewe.

Mahakamani bibi alivaa kanga mpya. Alikuwa hajawahi kusimama mahakamani, na nadhani alijivunia kidogo. Hakimu alikuwa kijana mtaratibu. Alimsomea shtaka la kumshambulia na kumzuia mtumishi wa umma akiwa kazini, akamuuliza kama ni kweli au si kweli.

"Ni kweli," alisema bibi. "Nilimzuia. Ningemwachaje? Ni mtani wangu. Na majivu nilimpaka, tena hayakutosha."

Watu kwenye mabenchi walicheka. Hakimu naye alitabasamu, akaweka kalamu chini. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimeketi benchi la mbele, nimevaa sare iliyofuliwa. Akaniuliza, na nakumbuka aliuliza kwa upole kama mtu anayekufungulia mlango: "Bwana afya, je, huu ulikuwa utani?"

Kwa muda ule maisha ya bibi yalikuwa mdomoni mwangu. Neno moja, ndiyo, lingetosha. Lakini nikisema ndiyo, swali la pili lingekuwa: kama ulikuwa utani wa dakika kumi, maziko yalicheleweshwa na nini? Mkubwa wangu alikuwa ameketi nyuma yangu. Akilini nilimwona mke wangu, watoto wawili, nyumba ya kupanga ninayolipa. Niliona belo.

Nikasema, "Mheshimiwa, nilikuwa kazini."

Bibi aligeuka kunitazama. Alikuwa bado anatabasamu, tabasamu la mtu anayesubiri umalizie mzaha wako. Hakimu alingoja kidogo, akachukua kalamu. Alisema kwamba mshitakiwa amekiri mwenyewe, kwamba ni wakati wa maradhi, kwamba sheria sasa haimwachii nafasi kubwa. Miezi sita. Bibi alimuuliza askari, "Amesema nini?" Askari akamwambia. Akauliza tena, safari hii akiniuliza mimi: "Mpagazi, amesema nini?" Nikatazama buti zangu.

Sikupunguzwa kazi. Orodha ilipotoka kweli, jina langu halikuwamo, na kwenye kikao cha wilaya tukio la Sindeni lilitajwa kama mfano wa sheria kufanya kazi. Mwenye mkono uliopinda alinipa mkono wa kushoto, akanipongeza. Waliomvunja yeye walikuwa hawajapatikana. Baada ya hapo niliomba kazi upande wa Korogwe nikapewa, na Sindeni sikukanyaga tena. Nilisikia bibi ametoka, kwamba mihogo yake ililiwa na nguruwe, kwamba sasa hasemi sana. Sikupeleka hata kilo ya sukari. Nilikuwa nikijiambia nitaipeleka mwezi ujao.

Baba alifariki mwaka wa pili, kikohozi chake kilipomshinda. Siku zake za mwisho aliniuliza mara mbili: "Watani wamepata habari?" Nikamwambia wamepata. Mara ya kwanza nilidanganya. Mara ya pili nilikuwa nimempa dereva wa lori ujumbe aufikishe Sindeni, kwa yule bibi mwenyewe, na nauli juu.

Alikuja. Asubuhi ya maziko niliona lori limesimama kwenye barabara ya Kilole, akateremka yeye na wanawake wawili wa kwao, ana kikapu cha unga kichwani. Alikuwa amepungua, lakini ni yeye. Sitaficha, moyo uliniruka kwa furaha. Nilikuwa nimeshamwambia mke wangu aweke majivu safi kwenye sinia nyuma ya mlango wa jikoni. Nilikuwa nimefunga jogoo kwa kamba uani. Hata saa nilikuwa nimeivua mkononi, nikaiacha ndani, ili akae kaburini muda anaoutaka, hata mpaka jioni. Nilipanga kumbeba mwenyewe kutoka kaburini mpaka nyumbani, watu waone.

Aliingia akawasalimu wazee wa kiume, akawapa pole wanawake. Alipofika kwangu alisimama hatua tatu mbali, akainamisha kichwa.

"Pole, bwana afya."

"Bibi," nilisema, "shikamoo. Mtumwa wako nimefiwa."

"Marahaba. Pole sana." Akaenda akaketi kwenye mkeka, pembeni kabisa, wanapoketi watu wasiofahamiana na wenye msiba.

Makaburini tulifika mapema. Katekista alisali. Jeneza liliwekwa kwenye kamba, ukingoni, na wabebaji wakanitazama. Niliwaomba wangoje. Tulisimama. Wazee wa kambi za mkonge, waliobaki watatu au wanne, walijua tunangoja nini, nao wakageuka kumtazama bibi. Nilikwenda mpaka alipo, sinia la majivu mikononi, nikapiga magoti mchangani na suti yangu.

"Bibi, kaburi liko wazi."

Alilitazama sinia. Alinitazama mimi, bila hasira, kwa makini, kama mtu anayesoma tangazo ukutani.

"Uko kazini?" aliuliza.

"Hapana, bibi. Nimefiwa na baba yangu."

"Pole," alisema tena. Mikono yake ilikuwa ndani ya kanga, na ilibaki humo.

Niliinuka nikarudi kwa wabebaji. Baba alishushwa moja kwa moja, kaburi likafukiwa, na kabla jua halijafika utosini tulikuwa tumemaliza. Hakuna aliyetuzuia.